Tathmini ya Dinamica EGO: Modeli ya Matumizi ya Ardhi Inamfaa Nani, na kwa Skeli Ipi?

Dinamica EGO ni programu ya kompyuta ya kuunda modeli za mabadiliko ya matumizi ya ardhi, nayo ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Minas Gerais, mjini Belo Horizonte, Brazili, na Britaldo Soares-Filho na wenzake. Inapakuliwa bila malipo, na kwa ofisi ya wilaya ambayo fedha zake za mipango hufika kwa kuchelewa hilo si jambo dogo, kwa kuwa mshindani wake mkubwa, Land Change Modeler ya Clark Labs nchini Marekani, kwa miaka mingi iliuzwa kwa leseni. Nimeitumia katika kazi za mipango mkoani Shinyanga nikiwa na swali moja tu: je, ramani inayotoka humo inaweza kuwekwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuamua, awe waziri, mkurugenzi wa halmashauri au mwenyekiti wa kijiji, bila kumpotosha? Maoni yangu ni kwamba inawafaa wawili wa kwanza kwa masharti, na haimfai wa tatu, na sababu zote zinatokana na skeli, yaani undani na upana ambao modeli inautazama, pamoja na uchangamani wa modeli yenyewe.

Namna inavyofanya kazi inaeleweka. Mtumiaji anaipa ramani mbili za eneo lilelile za miaka tofauti, ambazo kwa kawaida zimetokana na picha za setilaiti, na programu inakokotoa ni kiasi gani cha msitu kiligeuka shamba na ni kiasi gani cha shamba kilirudi kuwa pori katika kipindi hicho. Baada ya hapo inatazama mabadiliko hayo yalitokea wapi, ikiyalinganisha na umbali kutoka barabarani, mteremko, aina ya udongo, mipaka ya hifadhi na ukaribu wa mashamba yaliyokwisha kufyekwa, na kila jambo linapewa uzito wake wa ushahidi, yaani linasogeza juu au chini uwezekano wa eneo fulani kubadilika. Hatimaye mabadiliko ya miaka ijayo yanagawanywa juu ya ramani kwa njia mbili, moja ikipanua mabaka ya mashamba yaliyopo na nyingine ikianzisha mabaka mapya, na mtumiaji ndiye anayepanga wastani wa ukubwa wa mabaka hayo na umbo lake. Hatua zote zinaunganishwa kwenye kioo kwa mistari inayotoka kisanduku kimoja kwenda kingine, bila kuandika msimbo. Hili ndilo lililonivutia kuliko yote, kwa sababu afisa anayekuja baada yako anaweza kufungua faili na kufuata ulivyofikiri tangu mwanzo hadi mwisho, na katika ofisi zetu ambako uhamisho ni jambo la kila mwaka, kazi isiyoweza kurithiwa ni kazi iliyopotea.

Sifa ya programu hii ilijengwa Amazoni. Mwaka 2006 timu hiyo ilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya modeli ya bonde zima, ikionyesha kwamba endapo mwenendo wa wakati ule ungeendelea, msitu wenye mwavuli uliofunga ungepungua kutoka kilomita za mraba milioni 5.3 mwaka 2003 hadi milioni 3.2 ifikapo 2050, ilhali kwa usimamizi thabiti ungebaki milioni 4.5. Kilichotokea baadaye kinafaa kukumbukwa na kila mtu anayetaka kuitumia modeli kama mganga wa ramli. Brazili ilikwisha kuanza mpango wa kitaifa wa kudhibiti ufyekaji mwaka 2004, na takwimu za taasisi yake ya utafiti wa anga zinaonyesha kwamba ufyekaji wa kila mwaka ulishuka kutoka kilomita za mraba 27,772 mwaka huo hadi 4,571 mwaka 2012, kabla ya kupanda tena na kuvuka 13,000 mwaka 2021. Hakuna mteremko wala barabara iliyobadilika kiasi hicho katika miaka minane. Kilichobadilika ni utashi wa serikali, doria, mikopo ya wafugaji na wakulima, na masharti ya wanunuzi wa soya, mambo ambayo hayapo ndani ya hesabu mpaka mtu ayaweke kwa mkono wake kama tukio la kubuni. Siihesabu hiyo kuwa kasoro ya Dinamica peke yake, lakini ni lazima mnunuzi wa hoja zake ajue kwamba anapewa jibu la swali linaloanza na neno “endapo”.

Ili nisiihukumu kwa hisia, nilitumia kipimo kilichopendekezwa mwaka 2002 katika tathmini ya modeli 19 iliyochapishwa na Idara ya Misitu ya Marekani, kazi ya Chetan Agarwal na wenzake. Wao walisema kila modeli ya ardhi itazamwe katika mambo matatu, yaani nafasi, muda na uamuzi wa binadamu, na kwamba katika kila jambo kuna maswali mawili: modeli inaona kwa undani gani, na inaenea hadi wapi. Ni kipimo cha zamani, lakini bado sijaona kilicho bora zaidi kwa mtu wa sera, kwa kuwa kinamlazimisha mtaalamu kutaja wazi kile ambacho modeli yake haikioni.

Tuanze na nafasi. Mkoa wa Shinyanga una takriban kilomita za mraba 18,900. Ukiutengenezea modeli kwa pikseli, yaani vijiraba vya ramani, za mita 30, ambazo ndizo za picha za setilaiti za Landsat, unapata pikseli zipatazo milioni 21. Ukitumia pikseli za kilomita moja, kama ilivyokuwa kwa modeli ya Amazoni, unapata takriban 18,900 tu. Tofauti hiyo inaamua mambo mengi zaidi kuliko muda ambao kompyuta itachukua kumaliza hesabu. Pikseli ya mita 30 ina hekta 0.09, ilhali pikseli ya kilomita moja ina hekta 100, na ndani ya hekta 100 za Usukumani kuna mashamba ya kaya nyingi, njia za mifugo, lambo na makaburi ya wazee. Tafsiri rasmi ya msitu nayo ina skeli yake: Tanzania inauhesabu msitu kuanzia nusu hekta, wenye miti inayoweza kufikia urefu wa mita 3 na mwavuli unaofunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Nusu hekta ni takriban pikseli tano na nusu za Landsat, na katika pikseli ya kilomita moja ni nukta isiyohesabika. Kwa hiyo mtu anayeweka kwenye taarifa moja tafsiri ya kitaifa ya msitu na modeli ya pikseli za kilomita moja anazungumzia vitu viwili tofauti kwa jina moja, na sijui ni taarifa ngapi za namna hiyo zimepita mezani kwangu bila mtu kuuliza.

Dinamica ina njia nzuri ya kupunguza tatizo hili. Inamruhusu mtumiaji kuligawa eneo katika kanda, kila kanda ikapewa viwango na uzito wake, kisha matokeo yakaunganishwa kuwa ramani moja. Modeli ya Amazoni iligawanywa katika kanda 47. Kwetu mgawanyo huo una maana kubwa, kwa sababu kinachosukuma kilimo kuelekea porini Kahama, penye migodi ya dhahabu, si kile kinachokisukuma Kishapu. Modeli isiyogawanywa huchanganya tabia za wilaya zote na kuzaa wilaya ya wastani ambayo haipo mahali popote.

Hata hivyo kuna kiwango ambacho kanda haziwezi kukifikia, nami nilikijua kwa njia isiyopendeza. Nilipeleka ramani ya makisio ya miaka 20 mbele ya wazee wa kijiji kimoja, ikiwa imechapishwa vizuri, ya kijani na manjano, nikiamini kwamba ingewasaidia wakati wa kupanga matumizi bora ya ardhi yao. Mzee mmoja aliitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole juu yake na kuniuliza, “Mwanangu, ngitili zetu ziko wapi?”, akimaanisha maeneo ya malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Nilimjibu, “Mzee wangu, hazionekani kwa sababu ni ndogo.” Akasema, “Hizo ndogo ndizo zinazolisha ng’ombe wetu mwezi wa tisa.” Nilikuwa nimekuza pikseli ili kompyuta yangu iweze kumaliza kazi, na kwa uamuzi huo mmoja, nilioufanya peke yangu nikiwa ofisini, nilikuwa nimefuta kitu ambacho kijiji kizima kilikusanyika kukijadili. Kosa lilikuwa langu wala si la programu, lakini programu yoyote inayofanya kazi kwa pikseli inamkaribisha mtu kulifanya.

Suala la ngitili linatuleta kwenye muda, na hapa Shinyanga ni shule kuliko sehemu nyingi ninazozifahamu. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka na misitu mikubwa ili kuwaangamiza mbung’o, kisha pamba, ongezeko la mifugo na kuhamishiwa kwa watu vijijini katika miaka ya 1970 vikaiacha ardhi wazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliojengwa juu ya desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, na hadi mradi ulipofikia ukomo mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 za uoto zilikuwa zimerejea. Sasa fikiria kwamba mwaka 1986 tungekuwa na Dinamica mikononi, tukaifundisha kwa ramani za miaka kumi iliyotangulia, tukaiomba ituonyeshe mwaka 2004. Ingetuonyesha jangwa, na ingekuwa sahihi kabisa kwa kanuni zake, kwa sababu katika ramani hizo hapakuwa na ushahidi wa ardhi kurudi kuwa pori kwa wingi. Programu inaruhusu mpito wa shamba kuwa msitu, lakini ni lazima mpito huo uwe umetokea katika ramani za nyuma, au mtumiaji auingize mwenyewe akijua anachokifanya. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kuchukua vipindi viwili tu vya picha, eti kwa sababu ndivyo vilivyopatikana bila mawingu, na kuviita mwenendo.

Katika uamuzi wa binadamu, kipimo cha mwaka 2002 kina ngazi sita, kuanzia modeli isiyomjua binadamu kabisa hadi ile yenye watendaji wa aina mbalimbali wanaoamua kila mmoja kwa nafsi yake. Dinamica, kwa jinsi inavyotumiwa na watu wengi, naiweka ngazi ya tatu au ya nne: binadamu yumo kama uwezekano, na kuna mrejesho kidogo kwa kuwa umbali kutoka kwenye mashamba mapya hukokotolewa upya kila mwaka, lakini hakuna mkulima, mfugaji wala mchoma mkaa anayeonekana akipima faida na hasara zake. Kwa maswali mengi ya ngazi ya mkoa hilo linatosha. Kwa baadhi ya maswali halitoshi hata kidogo, na mfano wenye nguvu kuliko yote uko Dar es Salaam. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ukilinganisha hali ya 1991 na ya 2005, ulionyesha uharibifu wa misitu ukisambaa kutoka jijini kama mawimbi, huku uvunaji wa magogo ya thamani ukisonga mbele hadi kilomita 9 kwa mwaka na mkaa ukifuata nyuma. Mahitaji yako kwenye jiko la Manzese na kiwanda cha samani, mti unaanguka mbali Rufiji au Kilwa, na baada ya kuanguka mahali pale panaweza kuendelea kuitwa msitu kwenye ramani kwa sababu miti midogo imebaki. Modeli inayojua ukaribu wa pikseli na pikseli, na inayotambua hali mbili tu, msitu na si msitu, itaupitia uharibifu huo bila kuuona. Mtu anaweza kuongeza daraja la “msitu ulioharibiwa” na umbali wa kufika sokoni, nami nashauri afanye hivyo, lakini kila nyongeza inahitaji takwimu, na hapo ndipo gharama halisi ya uchangamani inapojitokeza.

Wengi hudhani modeli changamani zaidi ni modeli ya kweli zaidi. Kwa upande wangu naona ni modeli yenye milango mingi ya kuingiza makosa, na kila mlango unahitaji mlinzi. Chukua kiasi tu cha mabadiliko, kabla hatujauliza yatatokea wapi. Tathmini ya kitaifa ya misitu ya Tanzania ilikadiria kupotea kwa takriban hekta 372,000 kila mwaka kati ya 1995 na 2010, na kiwango rejea cha upotevu wa misitu ambacho nchi iliwasilisha Umoja wa Mataifa kinataja takriban hekta 469,000 kwa mwaka kati ya 2002 na 2013. Zote ni takwimu rasmi, zimepatikana kwa njia na vipindi tofauti. Ukizipeleka mbele kwa miaka 20, tofauti yao inakaribia hekta milioni 2. Mtaalamu anaweza kukesha mwezi mzima akiboresha uzito wa ushahidi wa mteremko na udongo, na bado uamuzi wa kuchukua namba ya kwanza au ya pili ukawa na athari kubwa kuliko kazi yake yote. Ni sifa njema ya Dinamica kwamba inatenganisha wazi swali la kiasi na swali la mahali, kwa hiyo mtunga sera anaweza kuonyeshwa ramani mbili zenye mantiki ileile na viwango tofauti. Lakini ni watumiaji wachache wanaomwonyesha.

Sehemu ya uhakiki imenifurahisha kwa ubora wake na kunisikitisha kwa jinsi inavyotumiwa. Programu ina zana za kulinganisha ramani ya makisio na ramani halisi si kwa pikseli moja moja tu, bali pia kwa madirisha ya ukubwa unaoongezeka, hivyo kwamba modeli iliyokosea kwa mita 60 haihesabiwi sawa na iliyokosea kwa kilomita 6. Tatizo ni asilimia zinazoandikwa kwenye taarifa. Tuseme wilaya ina pikseli 100 na ni 5 tu zilizobadilika. Modeli inatabiri pikseli 5, inapatia 2 na kukosea 3, na hivyo 3 nyingine zilizobadilika kweli inazikosa. Usahihi wake wa jumla ni asilimia 94, namba inayopendeza kwenye taarifa yoyote, lakini mtu asiye na modeli, aliyesema tu kwamba hakuna kitakachobadilika, angepata asilimia 95. Ukipima mabadiliko yenyewe, yaani zilizopatiwa kugawanya kwa jumla ya zilizopatiwa, zilizokosekana na zilizotabiriwa bure, unapata 2 kwa 8, ambayo ni asilimia 25. Robert Gilmore Pontius na wenzake walifanya hesabu za namna hii mwaka 2008 kwa matumizi 13 ya modeli tisa mashuhuri, na katika 12 kati ya hayo makosa yalizidi mabadiliko yaliyotabiriwa kwa usahihi, kwa skeli ya data asilia. Afisa yeyote anayepokea ramani ya makisio ana haki ya kudai namba hiyo ya pili, na ikikosekana airudishe taarifa kwa aliyeileta.

Kuhusu mambo madogo nitapita haraka. Maelekezo yanapatikana kwa Kiingereza na Kireno, hakuna ya Kiswahili, na mazoezi yanatumia jimbo la Mato Grosso nchini Brazili, ambako shamba moja linaweza kulingana na kata yetu. Vigezo vyenye namba zinazoendelea, kama umbali, ni lazima vigawanywe katika madaraja, na vigezo viwili vinavyofanana sana visitumike pamoja. Programu ina jedwali la kukuonyesha vinavyofanana, mradi usilipuuze. Siku chache za mafunzo yenye data za eneo lako mwenyewe zitakufaa kuliko wiki mbili za mifano ya Brazili.

Nalinganisha haya yote na kazi iliyofanyika katika Milima ya Tao la Mashariki, ambako watafiti wakishirikiana na wadau wa Tanzania walichora hali mbili za mwaka 2025 na kuzipa majina ya Kiswahili, Matazamio Mazuri na Kama Kawaida. Hawakutumia modeli changamani. Waliwauliza watu wanaona nini kinakuja, wakayageuza majibu kuwa kanuni za ramani ambazo kila aliyekuwepo angeweza kuzifuata na kuzipinga. Kwa unyofu wake njia hiyo ilikosa takwimu za uwezekano ambazo Dinamica inazo, lakini ilikuwa na kitu ambacho hakuna kisanduku kwenye kioo kinachokitoa: mtu wa kijijini alijua ni neno lake lipi lililozaa rangi ipi.

Kwa hiyo naipendekeza Dinamica EGO kwa wizara, mikoa na halmashauri zinazotaka kulinganisha njia mbili au tatu za sera kabla ya kupitisha mpango wa miaka mitano, kwa masharti kwamba eneo ligawanywe katika kanda, vipindi vya nyuma viwe visivyopungua vitatu, ramani itolewe kwa viwango viwili vya kasi, na kipimo cha mabadiliko kiandikwe ukurasa uleule wa ramani. Kwa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ambao chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hauwezi kupita bila Mkutano wa Kijiji, siipendekezi. Kule bado natumia picha kubwa ya setilaiti iliyochapishwa, kalamu za rangi, na siku mbili za kutembea mipakani pamoja na Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi. Kijiji kile nilirudi mwaka uliofuata bila ramani ya makisio, na ngitili ndiyo kitu cha kwanza tulichokichora.